SOMO LA 12: MIGUU YA WAZEE WETU

Soma kwanza: Kutoka 20:12 na Yoshua 14:6-12.

Wapenzi, tunajua amri ya kuheshimu baba na mama. Lakini tunawaheshimu namna gani? Mzee akianza kuchoka, watoto wanamwekea kiti barazani. Wanamletea maji, chakula na moto, hawataki ainuke. Mimi pia nilimfanyia mama yangu vivyo hivyo, nami ni mganga. Usiku mmoja alianguka njiani kwenda chooni, mfupa wa nyonga ukavunjika. Tulimbeba kwa kipoyi mpaka lopitali. Hakutembea tena.

SABABU YA KUANGUKA

Misuli ni nyama inayovuta mifupa. Tangu miaka 30 hivi inaanza kupungua pole pole, na baada ya miaka 60 inapungua kwa haraka. Misuli isiyofanya kazi inapungua zaidi. Mzee anayekaa siku zote, akijikwaa, miguu yake haiwezi kumshika. Kiti tulichompa kwa upendo ndicho kinachomwangusha.

JE, NGUVU ZINAWEZA KURUDI?

Ndiyo. Mwaka wa 1990 waganga wa Boston, Marekani, waliandika habari za wazee 10 dhaifu, wenye miaka karibu 90, waliojaribu mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Kwa wale waliomaliza, nguvu za miguu zilizidi mara mbili zile za kwanza.

MAZOEZI

1. Kaa juu ya kiti kigumu kilichoegemea ukuta. Inuka bila kujisukuma kwa mikono, kisha kaa tena pole pole. Fanya mara 5, baadaye mara 10. Asiyeweza aanze kwa kutumia mikono.

2. Shika meza nzito. Inuka juu ya vidole vya miguu, shuka pole pole. Mara 10.

3. Shika meza, simama kwa mguu mmoja, hesabu mpaka 10. Kisha mguu wa pili.

4. Tembea kando ya ukuta hatua 10, ukiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu mwingine.

Fanya hivi siku 3 kila juma. Mtoto au mjukuu asimame karibu. Mzee akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache, aje lopitali.

Angalieni njia ya choo pia: ondoeni mawe, kausheni maji, wekeni taa usiku. Mzee akianguka, na mguu ukaonekana mfupi au umegeuka nje, msiuvute wala kuukanda. Mleteni upesi.

MWISHO

Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua. Hakuomba kiti, aliomba mlima. Si kila mzee amepewa nguvu za Kalebu, lakini kila mzee anayeweza kusimama aachiwe kazi yake ndogo, na njia yake ya kwenda ibadani kwa miguu. Tumheshimu kwa kumpa mkono ainuke, si kwa kumzuia asiinuke.

MAULIZO

1. Kwa nini kukaa siku zote kunamwangusha mzee?

2. Ni mazoezi gani manne tumejifunza?

3. Nyumbani kwako nani ameketi tangu asubuhi? Leo utafanya nini naye?