Mguu Ulioteguka: Vipimo vya Picha na Majeraha Yanayojificha

Kuteguka kifundo cha mguu ni kuumia kwa ligamenti, yaani mikanda imara inayoshikanisha mfupa na mfupa. Mara nyingi unyayo hupinduka kuelekea ndani mtu anapokanyaga shimo, anapowania mpira au anapokosea ngazi. Upande wa nje wa kifundo huvutika, na ligamenti ya mbele, iliyo dhaifu kuliko nyingine za upande huo, huwa ya kwanza kuchanika. Ikizidi nguvu, hufuata ile inayoshuka hadi mfupa wa kisigino.

Majeraha mengi ya ligamenti hupona bila upasuaji. Hatari iko katika yale yanayotokea kwa pigo hilohilo na kufichwa na uvimbe: mfupa uliovunjika, gegedu iliyobanduka, kano iliyochanika, au mifupa miwili ya mguu iliyoachana juu ya kifundo. Vipimo vya picha huyafichua majeraha hayo, kila kipimo kwa sehemu yake.

Uchunguzi wa mkono hutangulia

Si kila mguu ulioteguka unaohitaji eksirei. Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa mji wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni zinazotumika leo katika nchi nyingi. Kwa kanuni hizo, mtu mwenye maumivu pembeni mwa kifundo hupigwa eksirei likionekana mojawapo ya haya:

- Mfupa wa nundu ya nje ya kifundo unauma ukibonyezwa kwenye ncha yake, au kwenye ukingo wake wa nyuma hadi sentimita 6 kwenda juu.
- Mfupa wa nundu ya ndani unauma ukibonyezwa katika sehemu kama hizo.
- Mgonjwa hakuweza kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia, na hata anapopimwa bado hawezi. Akichechemea, anahesabiwa kuwa ameweza.

Maumivu yakiwa katikati ya unyayo, mhudumu hubonyeza pia sehemu mbili: mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje, na mfupa ulio juu ya upinde wa unyayo upande wa ndani. Mojawapo ikiuma, au mgonjwa akishindwa kupiga hatua hizo 4, hupigwa eksirei ya unyayo.

Dalili hizi zote zikikosekana, ni nadra sana mfupa kuwa umevunjika. Hata hivyo kanuni hizi hazitegemewi kwa mlevi, kwa aliyeumia kichwa, wala kwa mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa sababu ya kisukari. Huyo wa mwisho anaweza kuutembelea mfupa uliovunjika bila maumivu makubwa, hivyo uvimbe wake haufai kupuuzwa.

Eksirei: kipimo cha mifupa

Eksirei ndiyo picha ya kwanza, na inapatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Kifundo hupigwa picha tatu: ya mbele, ya ubavuni, na ya mguu uliozungushwa kidogo kuelekea ndani, nyuzi 15 hadi 20, ili nafasi yote ya kiungo ionekane. Daktari hutazama mivunjiko, kisha hupima nafasi kati ya mifupa. Nafasi ya upande wa ndani ikizidi milimita 4, kuna shaka kwamba ligamenti za ndani, au zinazofunga mifupa miwili ya mguu, zimekatika. Pale inapowezekana, picha hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa uzito wa mwili hufichua mwachano ambao haukuonekana alipolala.

Kuna mvunjiko unaokwepa picha ya kifundo kabisa. Mguu ukisokoteka kwa nguvu, mfupa mwembamba wa nje unaweza kuvunjika juu, karibu na goti. Daktari mpasuaji wa Ufaransa, Maisonneuve, aliueleza mwaka 1840. Kwa hiyo mgonjwa aseme kila mahali panapouma, hata mbali na uvimbe, ili mguu wote upigwe picha.

Eksirei haionyeshi ligamenti, kano wala gegedu. Jibu kwamba mfupa ni mzima halina maana kwamba mguu wote ni mzima.

Altrasaundi: kano na ligamenti za juujuu

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na mguu unaweza kuchezeshwa huku picha ikitazamwa. Hufaa kuonyesha ligamenti za nje, maji ndani ya kiungo, na kano zinazopita nyuma ya nundu ya nje, ambazo huweza kuchanika au kuhama mahali pake. Ubora wa jibu hutegemea sana ujuzi wa anayepima. Gegedu iliyo ndani kabisa ya kiungo haionekani vizuri.

CT skani na MRI

CT skani huonyesha mfupa kwa picha nyembamba za pande zote. Hutumika eksirei inapoacha shaka, hasa kwa vipande vidogo vya mfupa wa talasi ulio katikati ya kifundo, au vya mfupa wa kisigino, na daktari anapopanga upasuaji.

MRI hutumia sumaku, si mionzi, na ndiyo inayoonyesha vizuri gegedu, ligamenti, kano na mchubuko wa ndani ya mfupa. Kwa kawaida haihitajiki siku za mwanzo. Huombwa maumivu, uvimbe, kukwama au kulegea kwa kifundo kunapoendelea baada ya wiki 6 hadi 8, au mwachano wa mifupa unaposhukiwa. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini amweleze mpimaji kabla ya kuingia.

Watoto na wajawazito

Mtoto ana sehemu laini ya ukuaji karibu na ncha za mifupa, nayo huweza kuumia kabla ligamenti hazijachanika. Eksirei ikionekana safi lakini mfupa bado unauma ukibonyezwa, mtoto arudishwe kupimwa tena. Kiasi cha mionzi ya eksirei ya kifundo ni kidogo sana. Mjamzito amwambie mpimaji hali yake, lakini asiache kipimo anachokihitaji.

Nyumbani na hospitalini

Siku mbili za kwanza mguu upumzishwe, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji isiyobana sana, na uwekwe barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara. Kukanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe, na kuvuta au kuchua mguu ambao haujapimwa huweza kusogeza mfupa uliovunjika.

Safari ya hospitali isisubiri kesho ikiwa mguu umepinda, mfupa umetoboa ngozi, vidole vimekuwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi. Mgonjwa aliyepimwa mwanzo akaambiwa hakuna mvunjiko, lakini wiki 6 zimepita na bado hawezi kutembea vizuri, anastahili kurudi na picha zake za awali ili daktari achunguze upya.