Dondoo muhimu: Ukisharudi nyumbani kutoka hospitali

Umetoka hospitali ya Gihundwe au Mibilizi na dawa za presha, mguu mmoja bado mzito. Daktari akikuruhusu, usingoje upone kabisa ndipo uanze kujinyoosha.

• Anzia kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta. Simama, kaa, mara tano, pumzika, rudia. Mapaja ndiyo yanayokuinua.

• Mji wetu wa Kamembe, Rwanda, ni vilima vitupu. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima (wengi hukosea hapa). Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza ule mbovu. Pumzi ikikata hata kuongea huwezi, simama. Kifua kikibana, usijikaze: ukimbizwe kituo cha afya.

• Presha ikishuka, usiache dawa. Imeshuka kwa sababu unazimeza.

• Mutuelle (bima ya afya) ilipwe kabla ya Julai.

• Umuganda (kazi ya pamoja ya jamii) wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi haumlazimishi aliyepita miaka 65. Wewe nenda tu, ukae kivulini upige soga. Majembe waachie wajukuu. Siku usipoonekana, kuna atakayekuja kupiga hodi.