Kidole Kilichovimba Hupoaje?

Mwiba ukikuchoma kidole, haupiti muda mrefu kabla pale ulipoingia hapajawa pekundu, pamevimba, pana joto na panauma. Dalili hizo nne Mroma Celsus aliziandika karibu miaka 2,000 iliyopita. Kwa nini kidole kinavimba, wengi wetu tunajua: mwili unapigana na vijidudu. Swali gumu zaidi ni kwa nini uvimbe huo unakoma.

Wepesi watajibu kwamba vijidudu vikifa, basi kazi imekwisha. Jibu hilo halitoshi. Chembe nyeupe za damu zilizokwisha kuitwa kidoleni zimebeba sumu za kuulia bakteria, na sumu hizo hazibagui. Zinaharibu nyama ya mwenye mwili pia. Lazima kuwe na kitu cha kuzizuia. Tukitafute tangu mwanzo.

Chini ya ngozi wanakaa walinzi waitwao makrofaji. Seli hizi zina vipokezi juu ya utando wake, na kimojawapo, TLR4, hutambua mafuta yenye sukari yanayopatikana kwenye ganda la bakteria wengi. Bruce Beutler na wenzake walilionyesha jambo hilo kwa panya mwaka 1998 huko Marekani. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli. Kipokezi kikiguswa, habari hupokezanwa na protini moja hadi nyingine mpaka imfikie mhusika mkuu, protini iitwayo NF-κB. Siku za utulivu protini hii hushikiliwa nje ya kiini cha seli na mwenzake, IκB. Habari ikifika, IκB huvunjwavunjwa. NF-κB ikishaachiliwa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi, zikiwamo zile za TNF na IL-1, kemikali zinazopanua mishipa midogo ya damu na kuita chembe nyeupe zaidi.

Hapa ndipo panaponistaajabisha kila nikipasoma. Miongoni mwa jeni zinazowashwa imo jeni ya IκB yenyewe! IκB mpya hutengenezwa, huingia kwenye kiini, huibandua NF-κB kutoka kwenye DNA na kuirudisha nje. Ni kama boya la tangi la maji: maji yale yale yanayojaa ndiyo yanayoliinua mpaka likafunga bomba. Breki haikuja baadaye kutoka kwingine. Ilianza kutengenezwa pamoja na mashambulizi.

Tena si breki moja. NF-κB huwasha pia jeni ya protini A20, inayokata mnyororo wa habari huko juu, kabla haujafika kwa NF-κB. Panya waliozaliwa bila A20 hufa wangali wachanga, viungo vyao vimejaa uvimbe, hata kama hakuna aliyewaambukiza ugonjwa. Bakteria wao wa kawaida wa matumboni wanatosha kuuwasha moto usiozimika.

Baadaye chembe nyeupe zilizokuja kupigana hufa zenyewe. Makrofaji huzimeza, na kitendo hicho cha kumeza huigeuza makrofaji tabia: sasa inatoa IL-10 na TGF-beta, kemikali za kutuliza na kuponya kidonda. Tezi zilizo juu ya figo nazo huongeza kotisoli, inayopunguza nguvu za NF-κB mwili mzima.

Dawa ya deksamethasoni inaiga kotisoli. Katika jaribio la RECOVERY, Uingereza, mwaka 2020, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwafaa kitu, pengine kwa maana kwao kinga ilikuwa bado na kazi ya kufanya. Malaria iliyopanda kichwani ilitoa somo kali zaidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982, uliofanyika Thailand, waliopewa deksamethasoni walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu kuliko wasiopewa. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria kali leo hudungwa atesuneti, inayoua vimelea, na breki za uvimbe huachiwa mwili wenyewe.