Barua Pepe Kutoka Wodini

Baadhi yenu mnatulalamikia sisi wauguzi. Kijana aliye mbali anaandika barua pepe hospitalini akiuliza mama yake anaumwa nini, naye anajibiwa mistari miwili: mama anaendelea na matibabu, tafadhali piga simu wodini. Anaona tunaringa. Mwezi huu tunapenda kueleza sababu.

Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu alikuwa akimjibu daktari kuhusu kipimo cha damu cha mgonjwa. Badala ya kumjibu daktari peke yake, alibonyeza kitufe cha kuwajibu wote. Barua ikawafikia watu wote walioitwa kwenye mkutano wa wiki ile, na mmoja wao alikuwa shemeji wa mgonjwa. Ndugu wa mume wakajua kabla mama yule hajapata nafasi ya kumwambia mumewe. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha kwa heshima, lakini hakurudi tena kwetu kuchukua dawa.

Tangu hapo tunafundishana hivi. Kwenye YAH hatuandiki jina la mgonjwa wala ugonjwa wake, ila namba ya faili. Anwani tunaijaza mwisho, barua ikishasomwa mara ya pili. Nakala apewe anayemtibu tu, si kila mkubwa wa ofisi. Kipimo cha dawa kiandikwe miligramu 5, kamwe si 5.0, maana nukta isipoonekana mwingine atasoma 50. Na mama anayetokwa damu haandikiwi barua: tunapiga simu hapo hapo.

Sheria nayo inatubana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Nanyi mnaweza kutusaidia. Mgonjwa akilazwa, ataje mwenyewe nani aelezwe hali yake, nasi tutaandika kwenye faili. Mkituandikia, wekeni namba ya simu na swali moja lililo wazi. Picha za vidonda msizitume kwenye simu zetu za nyumbani; nyingine zimetukuta mezani tukila, watoto wakichungulia.

Yule kijana alipiga simu jioni. Mama yake alikwisha kutuambia kwamba huyo ndiye aelezwe, na sista wa zamu alizungumza naye mpaka maswali yake yakaisha.