Mama ameshindwa na simu mpya

*Mama yangu ana miaka 63. Tulimnunulia simu janja, lakini maandishi hayaoni vizuri, na akigusa jina moja anampigia mtu mwingine. Sasa anadai simu yake ya vibonye. Tufanyeje?*
*Binti, Tanga*

Dada, mama hajashindwa. Simu ndiyo haijapangwa kwa ajili yake. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yakafifia. Vidole vikavu navyo kioo hakivihisi vizuri. Na majina yaliyobanana humponza yeyote: sehemu ya kugusa inafaa kuwa na upana wa milimita 9 hivi, lakini si kila mtengenezaji wa programu huzingatia hilo.

Fungua Mipangilio, kisha Skrini, ukuze maandishi na pia vitu vyote vinavyoonekana. Ukurasa wa mwanzo ubakize simu, ujumbe, kamera na WhatsApp, na picha za watoto na wajukuu ziwe njia za mkato za kuwapigia. Kisha mwache abonyeze mwenyewe. Wewe elekeza kwa mdomo, hata akichelewa. Simu ya vibonye asinyang'anywe kwanza.

Akiona ukungu hata maandishi yakiwa makubwa, mpelekeni kliniki ya macho. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji.