Chora Ulichokiona: Biolojia ya Mwaka wa Kwanza na Saa Tatu za Maabara

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia, awe Dar es Salaam, Morogoro au Nairobi, mara nyingi huanza na kitunguu. Anakikata, anabandua ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya gamba, anaitandaza kwenye slaidi, anatia kitone cha iodini, anafunika kwa kioo chembamba, kisha anainama kwenye hadubini na kuanza kuchora. Nimesimamia zoezi hili mara nyingi. Nikipita katikati ya meza nikitazama madaftari, kila mara hukuta seli za kitunguu zilizojaa kloroplasti, zimepangwa vizuri kama kunde kwenye ganda.

Ngozi ya ndani ya kitunguu haina kloroplasti. Haipati mwanga, haifanyi usanisinuru, haina rangi ya kijani. Mwanafunzi hakuziona hapo. Aliziona miaka mitatu au minne iliyopita katika kitabu cha sekondari, kwenye ule mchoro wa seli ya mmea ambao kila mmoja wetu aliukariri, na sasa mkono unauchora upya huku jicho likiwa juu ya lenzi. Si uvivu. Wengi wao ndio wanafunzi hodari, waliofaulu kwa kukumbuka. Ila chuoni kuna kitu kipya kinachodaiwa, nacho ni kuliamini jicho lako kabla ya kitabu. Mbinu zote ninazozieleza hapa zinatokana na hilo.

Kazi ya maabara huanza usiku wa kuamkia kipindi. Usiusome mwongozo kama gazeti, uchore. Chukua ukurasa mmoja uweke hatua za zoezi, tuseme lile la viazi, kwa vijumba na mishale: kata vipande, kausha, pima uzito, tumbukiza, subiri nusu saa, toa, kausha, pima tena. Pembeni andika majibu ya maswali matatu. Ni kitu gani ninachokibadilisha? Ninapima nini? Ni kitu gani lazima kibaki vilevile kwa wote? Ukishindwa kujibu moja, umegundua swali la kumuuliza mwalimu katika dakika tano za kwanza, kabla meza hazijajaa vyombo na kelele. Chora pia jedwali la matokeo likiwa tupu, lenye vichwa vya safu na vipimo vyake. Anayeingia na jedwali tayari hatafuti karatasi ya kunakilia namba wakati saa inakimbia, wala haandiki uzito wa kiazi kwenye kiganja cha mkono.

Kuhusu mavazi sitasema mengi: koti lifungwe vifungo, viatu vifunike vidole, ncha za mtandio zitiwe ndani ya koti kabla moto haujawashwa. Na spiriti haipashwi moto juu ya mwali, kamwe. Inapashwa ndani ya chombo cha maji ya moto, mwali ukiwa umezimwa.

Sasa hadubini, ambayo ndiyo inayowatesa wengi. Ibebe kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wake na mwingine ukiwa chini ya kitako. Anza na lenzi fupi kuliko zote, ile iliyoandikwa 4, hata kama mwongozo unakuambia uchore kwa 40. Sababu yake ni nafasi: kwa lenzi ya 4 unaona duara la slaidi lenye upana wa milimita 4.5 hivi, kwa ya 10 linabaki 1.8, na kwa ya 40 ni 0.45 tu. Kuanza na 40 ni kama kumtafuta mtu sokoni Kariakoo kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mpate kwanza ukiwa juu ghorofani. Ukishaona vizuri kwa 4, weka kitu chako katikati kabisa, panda hadi 10, weka katikati tena, panda hadi 40. Kuanzia hapo usiguse tena skurubu kubwa, tumia ndogo tu. Skurubu kubwa ikizungushwa kwenye lenzi ndefu, kioo kinapasuka, na lenzi inaweza kukwaruzika.

Picha ikiwa na ukungu, usikimbilie kuongeza mwanga. Wengi hufungua taa hadi mwisho, halafu wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Seli nyingi hazina rangi, na mwanga mwingi unazifuta. Chini ya jukwaa kuna kijiwambo cha kupunguzia mwanga. Kifunge polepole, na kuta za seli zitajitokeza kama mistari ya penseli. Hii ndiyo mbinu moja ambayo ningetamani kila mwanafunzi aondoke nayo siku ya kwanza, kwa sababu hakuna kitabu kitakachokufundisha. Ni vidole vyako vinavyojifunza.

Kisha kuna vitu vinavyojifanya kuwa viumbe. Duara safi lenye ukingo mweusi mnene ni kiputo cha hewa, nawe usikipe jina la seli. Ili kukipunguza, shusha kioo cha kufunikia kwa pembe: upande mmoja uguse maji kwanza, kisha ulaze mwingine taratibu kwa sindano. Doa ambalo halisogei unaposogeza slaidi halipo kwenye slaidi. Zungusha lenzi ya jicho. Doa likizunguka nayo, ni vumbi la hapo juu. Lifute kwa karatasi maalumu ya lenzi, si kwa pindo la shati. Na acha macho yote mawili wazi. Siku ya kwanza utaona meza na seli kwa pamoja, itakusumbua, lakini baada ya wiki mbili tatu ubongo utajifunza kuipuuza meza na hutatoka maabara ukiumwa kichwa.

Nirudi kwenye mchoro, maana hapa ndipo alama nyingi hupotelea, na ndipo mtu anapojifunza kuona. Tumia penseli iliyochongwa, mistari mizima isiyokatika, bila kivuli wala kupaka rangi. Chora seli tatu au nne kubwa, zenye uwiano uleule uliouona, badala ya kujaza ukurasa kwa seli hamsini kama ukuta wa matofali. Kabla ya kuweka kila mstari, inama tena uangalie. Je, kiini kiko katikati, au kimesukumwa kando ya ukuta? Kwenye kitunguu, mara nyingi kimesukumwa kando, kwa sababu katikati kuna mfuko mkubwa wa maji. Huo mfuko huuoni kwa urahisi, ila unauona kwa kile ulichokifanya: umekibana kiini pembeni. Ukiligundua hili mwenyewe hutalisahau, hata ukiulizwa miaka kumi baadaye.

Halafu ukuzaji. Mwanafunzi huandika chini ya mchoro wake "mara 400" kwa kuwa lenzi ya jicho ni 10 na ya chini ni 40. Hiyo ni namba ya hadubini, si ya mchoro. Mchoro wako umekuzwa kwa kiasi ulichoamua wewe ulipouweka kwenye karatasi. Fanya hivi: kwa lenzi ya 10, hesabu seli zilizopangana kutoka ukingo mmoja wa duara hadi mwingine. Zikiwa sita, na duara lina milimita 1.8, kila moja ina urefu wa milimita 0.3 hivi. Sasa pima seli uliyoichora kwa rula. Ikiwa ni milimita 90, gawanya 90 kwa 0.3, upate 300. Mchoro umekuzwa mara 300. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini anayeielewa ameshika kitu kikubwa: anajua kitu alichokitazama kina ukubwa gani hasa. Robert Hooke alipochapisha michoro yake ya gamba la mti wa koki mwaka 1665 na kuviita vile vijumba "seli", alikuwa ametafuta namna ya kuvihesabu pia. Kuona na kupima vilizaliwa pamoja.

Tuje kwenye matokeo yanayokataa. Zoezi la viazi ulaya karibu kila chuo kinalo: vipande vya ukubwa sawa, bika zenye maji ya sukari ya viwango tofauti, unapima uzito kabla na baada. Kipande cha gramu 4.00 kikifika 4.40 kimeongezeka kwa asilimia 10. Ni lazima ufanye asilimia, kwa sababu vipande havikuanza na uzito mmoja, na kulinganisha gramu tupu ni kumlinganisha mtoto na mtu mzima. Kwenye maji matupu kiazi kinanenepa, kwenye sukari nyingi kinanywea, na mahali grafu inapokata sifuri ndipo nguvu ya maji nje na ndani ya seli inapolingana.

Hapo basi, katikati ya grafu nzuri, nukta moja inaanguka pabaya. Mwenzako ananong'ona, "Irekebishe tu." Tafadhali usiirekebishe. Iandike kama ilivyo, izungushie duara, kisha ukumbuke ni nini kilitokea kwenye bika ile. Huenda vipande vyake havikukaushwa kama vingine, na kipande chenye maji juu ya ngozi kinapimwa kikiwa kizito kuliko kilivyo. Kwenye ripoti, usiandike "makosa ya kibinadamu". Maneno hayo hayamwambii msomaji chochote, na mimi nikiyakuta ninajua mwandishi amechoka. Andika kosa lenyewe, lingesukuma namba kwenda juu au chini, na ungefanya nini ili lisijirudie. Nimewahi kutoa alama za juu kwa ripoti yenye matokeo yaliyopinda, kwa kuwa mwandishi alijua yamepindia wapi.

Vivyo hivyo kwa vipimo vya chakula. Rangi ya buluu ya dawa ya Benedict isipogeuka baada ya kupashwa moto, usihitimishe kwamba chakula hakina sukari. Sema kwamba sukari ya aina ile inayotambuliwa na kipimo hiki haikuonekana. Sukari ya mezani, tunayotia kwenye chai, nayo haigeuzi Benedict mpaka uichemshe kwanza na asidi na kisha uizimue asidi hiyo. Na testi tyubu moja iwe na maji matupu na dawa tu, ili ujue rangi ya "hakuna" inafananaje.

Kuna jambo la vikundi ninalolisema kila mwaka kwa msisitizo. Watu wanne mezani, mmoja anashika vyombo, mmoja anaandika, wawili wanatazama. Na mara nyingi mno anayeandika ni msichana, kwa sababu "mwandiko wake mzuri". Badilishaneni kila hatua. Mkono ambao haujashika kibano haujui kibano, na kwenye mtihani wa vitendo utakuwa peke yako.

Lugha nayo ina mbinu yake. Wengi wetu tumesoma sayansi ya sekondari na chuo kwa Kiingereza huku tukifikiri kwa Kiswahili, na mtu anaweza kuandika sentensi nzuri ya Kiingereza kuhusu osmosisi bila kujua amesema nini. Kabla ya kukariri fasili, mweleze mwenzako wa chumba anayesoma sheria au uhasibu, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi inatoa maji baada ya dakika chache. Atakuuliza: "Maji yametoka wapi? Kwa nini chumvi haikuingia tu ndani?" Ukijibu hayo mawili bila kukwama, ndipo uandike fasili kwa Kiingereza, na utaona kila neno lina kazi. Kwa mgawanyiko wa seli, tumia nyuzi za cherehani za rangi mbili juu ya kitanda: nyuzi ndizo kromosomu, uzipange, uzirudufu, uzitenganishe. Aliyezisogeza kwa vidole hachanganyi mitosisi na meiosisi.

Na kama unataka kuona mgawanyiko huo wa seli kwa jicho lako, chukua kitunguu kidogo, ukichome vijiti vitatu vya meno, ukiweke juu ya glasi ya maji dirishani mwa hosteli, kitako kikigusa maji. Baada ya siku mbili au tatu utapata mizizi myeupe. Mwombe fundi wa maabara nusu saa ya hadubini wakati hakuna kipindi. Nijuavyo mimi, wengi wao hufurahi kuombwa. Mtakata milimita mbili za ncha ya mzizi, mtailainisha kwenye asidi hafifu ya uvuguvugu, mtaitia rangi, kisha utaibonyeza chini ya kioo kwa kidole gumba hadi itandazike. Seli nyingi utakazozikuta zitakuwa na kiini cha mviringo kilichotulia, wala usivunjike moyo. Endelea kusogeza slaidi. Utafika kwenye seli moja ambayo kiini chake kimetoweka na mahali pake pana nyuzi fupi zilizokolea rangi, zimejipanga mstari au zinavutwa pande mbili. Kitunguu kina kromosomu 16. Jaribu kuzihesabu, na ukiishia 13 kwa sababu nyingine zimelaliana, andika 13, na uandike kwamba zimelaliana.