Kredi za Kaboni kwa Gesi Inayochomwa Visimani: Kanuni Zinavyofanya Kazi

Mkazi wa Kamakis anayejaza mtungi wa gesi wa kilo 6 hulipia kila kilo anayoitumia. Kwenye visima vingi vya mafuta duniani, gesi huchomwa hewani usiku na mchana, bila sufuria wala nyama juu ya moto huo. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2023 gesi iliyochomwa hivyo ilifikia mita za ujazo bilioni 148.

Sababu ni ya kibiashara. Mafuta ghafi yanapopanda kutoka ardhini hutoka pamoja na gesi, kama soda inayofunguliwa. Mafuta hupakiwa kwenye lori au bomba na kuuzwa. Gesi huhitaji bomba lake, mitambo ya kuigandamiza na mnunuzi aliye karibu, na vitu hivyo vikikosekana, kampuni huiwasha juu ya mnara. Kuiwasha ni afadhali kuliko kuiachilia, maana methani isiyoungua hunasa joto takriban mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Hata hivyo, kila tani ya methani inayoungua hutoa tani 2.75 za kaboni dioksidi.

Kredi moja ya kaboni huthibitisha kuwa tani moja ya kaboni dioksidi, au gesi nyingine yenye madhara sawa na hiyo, imezuiwa isiingie angani. Chini ya Itifaki ya Kyoto, Umoja wa Mataifa uliweka utaratibu maalumu kwa visima vya mafuta, unaojulikana kama AM0009. Gesi inayokubalika ni ile inayotoka pamoja na mafuta. Kisima kilichochimbwa ili kupata gesi pekee hakihesabiwi. Gesi iliyookolewa hupimwa kwa mita, kisha hutolewa moshi wa mitambo ya mradi wenyewe.

Sharti gumu zaidi ni la ziada: je, upungufu huu ungetokea hata bila pesa za kredi? Kama gesi inajilipa yenyewe sokoni, au kama sheria tayari inakataza kuichoma, kampuni haina ziada ya kuuza.

Nigeria iliwahi kulijaribu sharti hilo. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulisajili mradi wa Kwale (si Kwale yetu ya Pwani, bali ya Jimbo la Delta), ambako gesi ya visima ilipelekwa kwenye kituo cha umeme cha Okpai badala ya kuchomwa. Ulitarajiwa kupunguza karibu tani milioni 1.5 kwa mwaka. Lakini sheria ya Nigeria ya mwaka 1979 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uchomaji bila kibali cha waziri kuanzia Januari 1984, na Novemba 2005 Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Benin iliamua kwamba kuchoma gesi katika jamii ya Iwherekan kulivunja haki ya kuishi na heshima ya binadamu. Wakosoaji waliuliza kampuni ilipweje kwa kuacha lililokatazwa. Jibu la kanuni lilikuwa kwamba sheria ikionekana kutotekelezwa kwa kiwango kikubwa, mradi unaweza kuhesabiwa kuwa ni ziada. Kwa maneno mengine, uzembe wa usimamizi uligeuka kuwa hoja ya kulipwa.

Kenya inafaa kulisoma hilo mapema. Mafuta yaligunduliwa Ngamia, Turkana, mwaka 2012, na shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka Mombasa Agosti 2019. Mafuta hayo yana nta na hulazimika kupashwa joto ili yatiririke, hivyo gesi inayotoka nayo inaweza kupata kazi papo hapo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 nayo haimwachii mchimbaji achome gesi apendavyo. Anayedai kredi huko atalazimika kuonyesha anafanya nini zaidi ya hayo.

Kwa Kiambu, swali hilo halihusu visima. Jaa la Kang'oki, Thika, lina taka zinazooza na kutoa methani ileile, nayo inaweza kunaswa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari imezipa kaunti wajibu wa kutenganisha na kutupa taka ipasavyo, kwa hiyo mwekezaji yeyote ataulizwa ni sehemu gani ya kazi yake inazidi wajibu huo.

Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023, pamoja na Kanuni za Masoko ya Kaboni za mwaka 2024, yanataka mradi ulio katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na jamii. Serikali ya kaunti husimamia majadiliano yake. Miradi inayotegemea ardhi, kama misitu, huipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Isiyotegemea ardhi, asilimia 25. Kabla ya kutia sahihi, wakazi waulize kama mapato hayo yamehesabiwa kabla au baada ya gharama, na jibu liandikwe ndani ya mkataba.